Mzee Aliposikia “Dischaji”

Juzi nilimpelekea uji dada yangu, aliyelazwa hospitali moja hapa Morogoro mjini. Mlangoni pa wodi alisimama mzee aliyeteremka na mkewe mgonjwa kutoka milimani Uluguru. Daktari akapita, akamtazama yule mama kitandani, kisha akamwambia nesi, “Huyu dischaji leo.”

Mzee akaketi sakafuni, mikono kichwani.

“Shikamoo babu, kulikoni?” nesi akauliza.

“Marahaba, mwanangu. Betri yangu ya sola ilipokufa, fundi alisema imedischaji, haina kitu tena. Leo mke wangu naye?”

Nesi akachuchumaa, akamshika mkono. “Hapana, babu. Betri ikidischaji imeishiwa nguvu. Mgonjwa akipewa dischaji ameruhusiwa kwenda nyumbani. Bibi amepona.”

“Nyumbani kwangu?”

“Kwako, babu. Leo hii.”

Mzee akainuka huku machozi yakimtoka, akatushika mkono sote tuliokuwepo: “Ahsanteni, ahsanteni sana.” Mimi nilikuwa nimeleta uji tu, lakini nilizipokea shukrani zile kwa mikono miwili.

Maneno haya ya Kiingereza tumeyaazima bila kuelezwa yote yaliyomo ndani yake. Namshukuru Mungu kwa nesi anayekubali kuchuchumaa.