Baba Alipojifunza Mkate wa Ufuta

Ufuta ukipata moto hutoa harufu mbili. Ya kwanza ni tamu, na ikianza tu majirani hupita karibu na mlango wako wakijifanya wana shughuli. Ya pili ni ya kuungua, nayo huja ukizubaa kidogo. Nimezinusa zote mbili katika miji mingi, maana mimi ni mtu nisiyekaa mahali pamoja. Shule niliiacha darasa la tano, nikawa mama ntilie Lindi, nikachuma karafuu Pemba, nikauza kanga Tanga, na popote nilipofika nilipenda kuchungulia majiko ya watu nione wanakula nini asubuhi. Harufu ile tamu hunifurahisha kama inavyomfurahisha kila mtu. Ile ya kuungua ndiyo hunikalisha chini.

Nyumbani kwetu Baleni, kisiwani Mafia, mkate wa ufuta ulikuwa chakula cha asubuhi, na haukuliwa mtupu. Mama aliupasua ukiwa bado unafuka mvuke, akaujaza samaki changu wa kukaanga aliyechambuliwa miiba, vitunguu, pilipili mbuzi na ndimu, kisha akamwagia kijiko cha tui zito la moto. Ukiuuma, tui linakutiririka mpaka kwenye kiwiko, na kulilamba huko ilikuwa sehemu ya utamu wenyewe. Miaka hiyo ilikuwa ya Ujamaa. Unga wa ngano ulifika duka la kijiji siku ulipojisikia kufika, tukapanga foleni, na mama akauchanganya na unga wa mchele ili ukae siku nyingi. Hamira ikikosekana, alihifadhi kidonge cha kinyunga, ule unga uliokandwa, cha jana kiumue cha leo. Nazi tu ndiyo hatukuipangia foleni.

Kazi ya mkate huu iko kwenye kuugeuza. Hugeuzi mkate, unageuza chuma. Unapaka maji ya chumvi kwenye kikaango kilichopata moto, bila mafuta, unatandaza kinyunga kwa mkono uliolowa mpaka kishike chini, unanyunyiza ufuta, halafu unakipindua kikaango kizima, uso wa mkate ukitazama makaa. Ukikosea, mkate unabanduka na kuangukia majivuni. Wa mama haukuanguka hata siku moja.

Baba alikuwa fundi seremala. Alitengeneza vitanda, milango na mbuzi za kukunia nazi, na mbao alizipima kwa jicho tu. Watu walitoka Kilindoni kumfuata. Maneno ndiyo yaliyompa tabu. Akifurahi alipiga mluzi, akikasirika alipiga randa, na katikati ya hayo mawili hatukumsikia sana.

Siku moja zikaja habari kwamba bibi yangu wa Songo Songo, mama yake mama, yu mahututi. Chombo kilikuwa kinaondoka Kilindoni alasiri ileile. Baba akakataa. Bahari ilikuwa imechafuka, na juzi yake tu chombo kingine kilikuwa kimerudi kimevunjika mlingoti. Leo ninajua aliogopa. Lakini hakusema anaogopa. Alisimama barazani, mbele ya wateja wake na mbele ya dada yake, shangazi Hadija, akasema:

"Ukipanda chombo hicho, umeachika. Talaka moja."

Mama alikuwa ameshajifunga kibwebwe. Akamtazama. "Haya, umesema wewe, Baba Mwanaidi," akasema, akatoka.

Alimkuta bibi yu hai, akamuuguza, akamzika, akarudi. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani akaitwa, akaeleza pale barazani taratibu, kama alivyotusomesha alifu na be. Talaka imepita, kwa sababu sharti limetimia. Lakini ni moja. Mama atakaa eda humohumo nyumbani kwa mumewe, kama miezi mitatu, na ndani ya muda huo mume akisema tu "nimekurejea", basi ni mkewe kama jana, hakuna posa wala mahari mpya. Eda ikiisha bila neno hilo, kila mtu ashike njia yake.

Neno moja tu! Mimi nilikuwa na miaka saba, nikadhani litasemwa kabla ya chakula cha usiku.

Halikusemwa. Mama akalala nami chumba cha ndani, baba akatandika mkeka ukumbini. Mchana walipishana mlangoni kama wageni, kila mmoja akimwachia mwenzake apite kwanza. Shangazi Hadija akawa haondoki kwetu.

"Kaka, angalia," nilimsikia akimwambia baba huku baba akipiga randa. "Ukimrejea bila yeye kukuomba, Baleni nzima itasema nyumba hii kanzu anavaa mke."

Baba akazidisha randa.

Nikaenda kwa mama, nikamuuliza kwa nini asimwombe baba tu, yaishe. Alikuwa anakuna nazi. Hakuacha kukuna.

"Nimwombe nini, mwanangu? Msamaha wa kumzika mama yangu?"

Basi siku zikaenda hivyo, mpaka alfajiri moja baba alipoinama kwenye mlango wa jiko letu la makuti. Alikuwa mrefu, na sikumbuki kumwona humo kabla ya siku ile.

"Mama Mwanaidi."

"Abee."

"Huo mkate. Nifundishe."

Mama akadhani ni mzaha. "Mwanamume na kikaango?"

"Wewe ukiondoka, mtoto atakula nini?"

Ilikuwa imeshaamuliwa kwamba mimi nitabaki, kwa kuwa nilikwisha andikishwa shule, na kule kisiwani kwao mama wakati huo hakukuwa na shule. Mama akasogea kidogo, akampa baba kigoda chake.

Siku ya kwanza mkate ulianguka majivuni kabla hata ufuta haujanukia. Mama akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka tangu alipotoka kuzika. Tukaukung'uta, tukaujaza samaki, tukaula ukitukwaruza meno.

Kesho yake ukaanguka tena. Siku iliyofuata uliungua. Kisha ukaanguka nusu, nusu ikabaki imening'inia kwenye chuma kama sikio la mbuzi. Hiyo ikawa ndiyo asubuhi yetu. Baba anapindua, mama anashika kichwa, mimi nimekaa juu ya mbuzi ya nazi nikingoja kucheka.

"Maji ya chumvi, Fundi. Nimekwambia maji ya chumvi kwanza."

"Nimepaka."

"Umepaka wapi, kwenye goti lako?"

"Chuma chako kibovu hiki."

"Chuma changu! Mwanaidi, msikie baba yako. Chuma kilichomlisha miaka yote leo kimekuwa kibovu."

Shangazi Hadija alikuja na bakuli lake, akachungulia, akashika kiuno. "Unga wa foleni huo, Kaka! Mnautia majivu kwa makusudi? Na wewe, wifi, badala ya kumwonea huruma mwenzio, unamcheka."

"Mkono wangu wa mbao, Dada," baba akajibu. "Huu wa unga bado sijaupata."

Hapo kengele ya shamba la kijiji ikalia, kipande cha chuma cha gari kilichotundikwa kwenye mnazi. Baba akachukua jembe na mkate wake ulioungua, akaondoka anapiga mluzi.

Ndugu msomaji, hebu jiweke mahali pangu. Nilikuwa ninawaona wazee wangu wakicheka pamoja kila alfajiri. Nikaona ugomvi umekwisha, na kwamba lile neno ama limeshasemwa mimi nikiwa nimelala, ama litasemwa kesho. Zaidi ya hapo nilikuwa na hesabu yangu mwenyewe. Mama alikuwa anamfundisha baba mkate ili aondoke. Baba asipojua mkate, mama hawezi kuondoka, maana hakuna mwalimu anayetoka darasani somo likiwa katikati. Kwa hiyo kila baba alipopindua kikaango, nilimwomba Mungu kimoyomoyo mkate uanguke. Ukianguka, nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Asubuhi ya mwisho ya eda sikuijua kuwa ni ya mwisho. Niliona tu mama hachekeshwi na kitu. Baba akapaka maji ya chumvi, akatandaza, akanyunyiza ufuta, akapindua. Mkate ukaanguka. Mama akauokota yeye mwenyewe, akaukung'uta polepole, upande huu na upande huu.

"Kesho utapika peke yako, Fundi."

Baba alikuwa amechuchumaa, anatazama makaa. "Bado sijajua," akasema.

Mama akangoja. Nakumbuka alivyongoja, mkate mkononi, majivu yakimwangukia kwenye kanga. "Hujajua nini?"

Baba akafungua mdomo. Nilimwona akiufungua. "Kugeuza," akasema. "Kugeuza ndiyo bado."

"Utajua," mama akasema, akauweka mkate kwenye sahani.

Alasiri mjomba akaja kumchukua. Mama alinishika uso kwa mikono yote miwili, akaniambia nisome, nisimsumbue baba yangu. Baba alimbebea kasha lake mpaka barabarani, akalishusha chini vizuri, akarudi nyumbani kabla gari halijaja. Randa ilipigwa mpaka magharibi, na kesho yake niliona hapakuwa na kitu chochote kilichotengenezwa, ni maranda tu yamejaa chini.

Asubuhi ile niliamshwa na harufu tamu. Nikakimbilia jikoni. Baba alikuwa kwenye kigoda cha mama, kikaango kimepinduliwa juu ya makaa, mkono wake umetulia kabisa. Alipokigeuza, mkate ulikuwa umeshika pande zote, mwekundu kama dhahabu, ufuta haukuungua hata mbegu. Akaubandua kwa kisu, akaupasua, akaujaza samaki, akamwagia tui.

"Baba, umeweza!" nikapiga kelele. Kisha nikakumbuka hesabu yangu, nikaanza kulia, maana niliona somo limekwisha, na mama hana tena cha kumrudisha.

"Kula," akasema. "Unapoa." Yeye hakula.

Tangu siku hiyo hakukosea tena. Alinipikia mkate ule mpaka nilipoacha shule na kuanza kuzurura, na hakuoa.

Nilikwisha kuwa mtu mzima nilipomfundisha msichana mmoja wa Lindi mkate wa ufuta. Nilianza naye asubuhi, na kabla jua halijapanda vizuri alikuwa anaupindua peke yake huku anaongea na wateja. Nikasimama pale nikimtazama, mwiko mkononi. Wiki hiyohiyo nikatafuta chombo cha kwenda Songo Songo.

Mama alikuwa ameolewa tena huko na kufiwa, amebaki na nywele nyeupe na mdomo uleule. Nikamsimulia ule mkate wa asubuhi ya kwanza baada ya yeye kuondoka, kwa sababu hatukuwahi kuuzungumza. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Yule fundi?" akasema. "Aliyechonga milango ya watu bila kupima, leo aangushe mkate miezi mitatu?"

"Kumbe ulijua, mama?"

"Tangu siku ya pili. Aliinamisha mkono makusudi, nikamwona."

"Na hukumwambia kitu?"

"Nilimwambia. Kila siku nilimwambia maji ya chumvi, maji ya chumvi. Ulitaka nimwambie nini tena? Mimi nilikuwa ninangoja neno lake." Akanitazama. "Ulikuwa mzuri, huo mkate?"

"Ulikuwa mzuri."

"Najua," akasema, akageukia upande wa ukuta.

Miaka yote nilikuwa nimeionea aibu hesabu yangu ya utotoni, ile ya kuamini kwamba mtu hawezi kuondoka maadamu kuna kitu hajamaliza kutufundisha. Niliiona ni akili ya mtoto wa miaka saba. Kumbe jikoni mle tulikuwa wawili tuliokuwa tukiuomba mkate uanguke, na mmoja wetu alikuwa mtu mzima, mwenye ndevu, aliyekuwa na neno la kutosha kumaliza shida yote, akaliweka mdomoni miezi mitatu, akauachia mkono useme badala yake.