Sikumshika Mkono Mama Mkwe

Admin, jina langu libaki kwako. Nina miaka sitini na tisa, naishi peke yangu katika chumba kimoja mtaa wa Huruma, Nairobi, ghorofa ya nne, na upweke huu sina wa kumlaumu. Sikuoa. Majirani hunisalimu kwenye ngazi na kupita. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hivyo mnivumilie.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mhudumu wa ambulensi hapa Eastlands. Tulikuwa wawili garini, mimi na dereva, Mzee Mutua, na kitanda kilikuwa kimoja. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuamua nani abebwe kwanza. Tulifundishwa hivi: mtu akilalamikia kifua au tumbo la juu, mshike mkono. Ukiwa baridi na umelowa jasho, huenda ni moyo, mbebe sasa hivi. Ukiwa mkavu na una joto, anaweza kungoja. Nilikuwa hodari, nawaambia bila haya. Mutua aliniita Daktari, nami nikavimba kichwa.

Wakati huo nilikuwa na mchumba, nitamwita Nasimiyu. Aliishi mtaa wa Ziwani na mama yake mjane. Sote ni watu wa Magharibi mwa Kenya. Posa yangu ilikuwa imekubaliwa, na kwetu, ikishakubaliwa, mama wa mchumba unamheshimu kwa mbali. Humpi mkono, huketi karibu naye, na kumkuta amelala kitandani ni aibu kwenu wote wawili. Vijana mtacheka, lakini tulilelewa hivyo. Mama yule akiniona njiani alikuwa anavuka barabara.

Jumapili moja asubuhi tuliitwa Ziwani. Mlango wenyewe ulikuwa wa kina Nasimiyu, na mgonjwa ni mama yake. Jirani aliyepiga simu alikuwa amekimbia kanisani kumwita Nasimiyu, aliyekuwa akiimba kwaya. Mutua alibaki kwenye usukani, maana gari lile likizimwa lilikuwa haliwaki bila kusukumwa. Nikaingia peke yangu mpaka kwenye pazia la chumba cha kulala, nikasimama hapo.

"Mama, ni mimi," nikasema. "Unaumwa wapi?"

Nikasikia kitanda kikilia, nadhani alikuwa akijigeuza ukutani. "Ni tumbo tu, mkwe. Hapa juu. Usiingie, sijavaa vizuri."

"Jasho linakutoka?"

"Ni joto la nyumba tu. Nenda kwa wagonjwa."

Redio ya gari ikaanza kuita. Kiamaiko kulikuwa na mchinjaji wa mbuzi aliyeanguka ameshika kifua, anapiga kelele soko zima linamsikia. Nikamwambia mama nitarudi, nikatoka mbio.

"Umemshika mkono?" Mutua akaniuliza.

"Nimemshika. Una joto."

Na kwenye kadi ya mgonjwa nikaandika kwa mkono wangu huu: mkono mkavu, una joto, angoje.

Mutua alikuwa Mkamba, mama yule hakuwa mkwe wake. Ningemwambia, "Mzee, mimi siwezi kupita hapa, ingia wewe," angeingia. Dakika mbili tu, na usukani ningeushika mimi. Sikumwambia kwa sababu sikutaka ajue kwamba Daktari anaogopa pazia.

Mchinjaji alikuwa ametegua msuli kwa kubeba nyama. Wiki ile ile alinitafuta anishukuru kwa mguu wa mbuzi, nami nikautoa kwa wengine.

Tuliporudi Ziwani, Nasimiyu alikuwa mlangoni, kitabu cha nyimbo bado mkononi, analia. Mutua ndiye aliyeingia, akamkuta mama ameshakata roho. Alipotoka alinivuta pembeni, akasema polepole, "Shuka zimelowa chapachapa. Mkono ulikuwa na joto, ehe?" Mtaniambia siku zile hata angefikishwa hospitali pengine angekufa. Najua. Nimejiambia hivyo mara nyingi kuliko mtakavyoniambia ninyi, na sijawahi kupata usingizi kwa hilo.

Kwenye matanga Mutua aliwaambia waombolezaji kwamba nilikuwa nimeweka desturi kando nikamshika mama mkono. Alitaka kunisitiri, Mungu amrehemu. Nasimiyu alinitazama kwa upendo ambao sijauona tena kwa mtu yeyote. Nilishindwa kuubeba. Nikaomba uhamisho, nikaacha kujibu barua zake. Watu wakasema nimekimbia msichana mwenye mkosi, aliyeposwa na nyumba ikaingia kifo. Nikasikia maneno hayo, nikanyamaza.

Yeye aliolewa baadaye, akafiwa na mume. Mwezi uliopita alipata namba yangu kwa mtu wa kanisa, akanipigia. Sauti yake niliijua kabla hajataja jina.

"Sikupigii kwa hasira," akasema. "Tumezeeka. Nataka tu uniambie ukweli. Uliniacha kwa sababu ya mkosi? Maana nimeishi miaka yote hii nikijua ni mimi niliyemletea mama kifo. Kinachonifariji ni kwamba wewe ulimshika mkono. Hakuondoka bila kushikwa na mtu wa kwake."

Nikamwambia mtandao ni mbaya, nikakata. Nikakaa kitandani mpaka chai ikapoa.

Amenitumia ujumbe kwamba Jumamosi anakuja Huruma tuzungumze ana kwa ana. Hakuna mtu aliyewahi kupanda ngazi hizi kuja kuniona mimi. Nimekwisha kununua kikombe cha pili.

Nikimwambia ukweli, nitamwondolea mkosi ambao hakuwa nao, lakini nitamnyang'anya mkono ule aliojifariji nao maisha yake yote, na kikombe kile hakitatumika tena. Nikinyamaza, atakunywa chai yangu akijilaumu. Msiniambie niombe tu, nimeomba. Niambieni: akibisha hodi Jumamosi, nimwambie nini?