Bakuli Halirudi Tupu

Watu wa Mombasa walitudhania watawa. Sketi ndefu, kibandiko cha jina kifuani, wawili wawili kila uendako: wangefikiria nini kingine? "Masista, hamjambo?" walituita kutoka kila kibanda, nami nikisimama kueleza kwamba sisi si watawa, sisi ni wamishenari wa Kimormoni, tunatumika miezi kumi na minane halafu tunarudi kwetu tukaolewe kama watu wengine. Mwenzangu, msichana wa Kiganda mrefu na mpole, alikuwa akinivuta mkono. "Dada, tumechelewa. Waache watuite watawa." Mimi siwezi kuacha. Nimezaliwa Kakamega katika nyumba ya wasichana sita, na kwetu usipojisemea unalala njaa.

Tuliamka saa kumi na mbili na nusu, tukaruka kamba sebuleni mpaka jirani wa chini agonge dari kwa ufagio, tukasali, tukasoma, tukatoka. Jumatatu tulifua. Kuachana hakukuruhusiwa, hata nikishuka kununua sabuni, mwenzangu yuko nyuma yangu. Na mwaka ule tulipangiwa Wajapani. Wahandisi kadhaa walikuwa na kazi ya ujenzi bandarini, wakikaa na wake zao kwenye magorofa ya Ganjoni, na kiongozi wetu alituambia twende tukawasaidie, na wasipotaka dini tuwafundishe Kiswahili.

Dini hawakuitaka. Walitupokea kwa heshima, wakainama, tukainama, wakatuletea chai ya kijani, tukaikataa kwa kuwa dini yetu hainywi chai, wakaona haya, tukaona haya, tukainama tena, tukatoka. Wiki tatu nzima kazi yetu ilikuwa kuinama. Kiuno kiliniuma, na hasira nilikuwa nazo.

Nyumba ya nne tulifunguliwa na mhandisi mwenyewe, kijana mwenye Kiswahili cha kazini. Hakutukaribisha ndani. Alitoka, akarudisha mlango nyuma yake, akatueleza pale pale kwenye ngazi.

"Mke wangu hatoki nje," alisema. "Miezi mitano. Analia bafuni, anafungua maji ili nisisikie. Mimi nina miaka miwili zaidi hapa. Mfundisheni miezi mitatu. Kama bado analia, nitamrudisha kwa mama yake. Sitaki, lakini nitamrudisha."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimelia bafuni mwezi wangu wa kwanza, na maji nilifungua vile vile. Nikamwambia, "Bwana, tuachie sisi." Mwenzangu alinikanyaga mguu.

Mwanafunzi wetu alikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia, na hodari kupita kiasi. Leo unamfundisha maneno ishirini, kesho anayo yote ishirini, ameyaandika na picha pembeni. Habari ya sisi na chai alishaielewa siku ya pili. Akatupikia maji ya shayiri iliyokaangwa, baridi, na tukanywa jagi zima. Lakini Kiswahili cha nini, kama mtu wa kuzungumza naye hakuna? Wiki ya tatu nikasema basi, vaa viatu, twende Kibokoni.

Kibokoni tulikuwa na mama yetu. Mjane wa makamo, akipika mahamri na mbaazi kila asubuhi na kuuza mlangoni kwake. Tulimjua kwa sababu ya mvua: ilitukuta mtaani, akatuvuta ndani kwa nguo, akatuletea kahawa, tukakataa. Akaleta chai, tukakataa.

"Kahawa hamnywi, chai hamnywi. Mwanywa nini, umande?" Akatupa maji ya ukwaju. "Dini yenu siijui, wanangu, lakini hiyo miguu yenu yatia huruma. Ketini." Tangu siku hiyo hatukupita Kibokoni bila kuketi.

Mwanafunzi wetu alipofika alivua viatu mlangoni kabla ya kuambiwa, akasema "Shikamoo, mama," akainama mpaka nywele zikagusa magoti.

"Marahaba! Mashallah, huyu kafunzwa kwao," mama akasema. "Nyinyi wawili tazameni." Wakati wa kuondoka akampa mahamri katika bakuli lake la enameli, jeupe lenye maua mekundu.

Kesho yake bakuli lilikuwa limeoshwa likang'aa. "Nirudishe?" mwanafunzi wetu akauliza.

"Usirudishe tupu!" nikaruka. "Pwani chombo hakirudi kitupu. Hata kwetu bara ni hivyo."

Akanishika mkono. "Na kwetu! Ukipewa, lazima urudishe." Alicheka, na ndiyo mara yangu ya kwanza kuyaona meno yake.

Akapika wali, akaufinyanga matonge makubwa yenye samaki ndani, akayafunga kwa mwani, akayapanga kwenye bakuli. Kisha akalifunga lote katika kitambaa kizuri cha samawati, kwa fundo ambalo mimi mpaka leo siliwezi. Tukalibeba mpaka Kibokoni.

"Hamna nguruwe humu? Hamna mvinyo?" mama akauliza. Tulikuwa tumeuliza mapema: wali, samaki, chumvi, mwani. "Mwani! Huu wa pwani huu?" Akakunja pua, akamega, akatafuna, akamega tena. "Si mbaya. Wakosa nazi tu." Halafu akakiinua kile kitambaa. "Na hichi je?"

"Ni cha kufungia tu, mama."

"Aka! Kitambaa cha watu kizuri hivi, nikirudishe kitupu?"

Hapo ndipo tulipoingia taabuni. Bakuli ni la mama, kitambaa ni cha mwanafunzi. Mama akirudisha kitambaa, hawezi kukirudisha bure, kwa hiyo anajaza bakuli. Mwanafunzi akirudisha bakuli, hawezi kulirudisha bure, tena hawezi kulibeba wazi kama mtu asiye na adabu, kwa hiyo analifunga kitambaa. Kaimati zilikwenda, samaki wa kukaanga wakarudi. Viazi karai vikaenda, mayai ya kukunja yakarudi. Na wachukuzi ni nani? Masista! Ganjoni mpaka Kibokoni, Kibokoni mpaka Ganjoni, injili mkobani na bakuli kichwani. Wauza duka wakaacha kutuita watawa, wakaanza kuuliza leo kuna nini.

Wakachoka wote wawili, na kila mmoja alikuja kulalamika kwangu. "Huyu mtoto ataniua," mama alisema. "Kila nikishusha pumzi, bakuli hilo limerudi." Na Ganjoni mwanafunzi aliuliza kwa sauti ndogo, "Mama hachoki?" Mwenzangu alitaka tuwaambie ukweli, kwamba mmoja wao akiacha kitambaa nyumbani mambo yamekwisha. Nikamwambia ole wake afungue mdomo. Mwanamke aliyekuwa akilia bafuni sasa alikuwa akienda sokoni mwenyewe, akigombania bei ya samaki wa changu, na mara mbili kwa wiki akija nasi Kibokoni kukuna nazi. Mimi nivunje hilo kwa sababu ya ukweli?

Miezi mitatu ikaisha. Alhamisi moja tukakuta masanduku ukumbini.

"Jumamosi asubuhi," alisema, akitabasamu vibaya. "Mume wangu amekata tiketi. Ni mtu mwema. Ameona nimechoka."

"Unataka kwenda?"

Akatazama sakafu. "Amekwisha kulipa."

Kwenye ngazi tukakutana na mume, macho mekundu. Nikamuuliza wazi, mimi sina subira. "Yeye hajasema anataka kubaki," alijibu. "Siwezi kumlazimisha." Loo! Nilitaka kuwashika vichwa niwagonganishe. Kila mmoja alikuwa akimstahi mwenzake, na ndege ilikuwa ikija. Nilirudi ndani nikamwambia mwanafunzi, sema! Akainama. Nililia njia nzima kwa hasira.

Ijumaa tukaenda kumwambia mama, maana kitambaa kilikuwa kwake. Alisikiliza huku akikoroga. Baada ya sala ya mchana akatuita, akatukabidhi bakuli limejaa biriani mpaka kifuniko hakikai, limefungwa kitambaa cha samawati kwa fundo lake la kienyeji.

"Mama," nikasema, "yuwaondoka kesho asubuhi. Atalirudisha lini?"

Akafuta mikono kwa leso. "Kwani ni mimi niliyemwambia aondoke?"

Tulilibeba mpaka Ganjoni. Mwanafunzi wetu alifungua mlango, akalipokea kwa mikono miwili, akasikia uzito wake. Akageuka kutazama jikoni. Sufuria zimekwisha fungwa, mchele umegawiwa majirani, kabati wazi. Akaketi sakafuni na bakuli mapajani, na hakuinuka mpaka mume wake alipoingia.

Akamwambia kwa Kiswahili, na nadhani alikichagua kwa sababu kwa lugha yao asingethubutu. "Bakuli la mama liko hapa. Halirudi tupu. Jikoni hakuna kitu. Kesho siendi."

Mume akasimama na mkoba wake. "Na kesho kutwa?"

"Kesho kutwa mama atarudisha kitambaa."

Yule bwana alivaa viatu upya, vibaya, kisigino kikikanyaga nyuma, akashuka ngazi akikimbia. Alirudi na kilo mbili za mchele na nazi tatu, akicheka na machozi yakimtoka, na mwenzangu mpole akapiga kigelegele mpaka milango ya majirani ikafunguka. Biriani tuliila sote wanne, sakafuni, katikati ya masanduku.

Zamu yangu iliisha miezi saba baadaye. Mwanafunzi wetu hakubatizwa, wala mama wa Kibokoni. Mama alizidi kuniombea kwa dua zake, na nilizipokea. Siku ya safari nilikuwa Mwembe Tayari na sanduku langu, basi la bara linanguruma, nikijikaza nisilie mbele ya wachuuzi. Nikamwona mwanafunzi wetu anakuja kati ya watu, na kile kitambaa cha samawati mikononi.

"Mama na mimi tumepika pamoja," alisema. "La njiani."

Nilihisi uzito wake. "Lakini hili ni bakuli la mama! Mimi naenda Kakamega. Nitalirudisha lini?"

Akasimama vile vile kama mama wa Kibokoni, akafuta mikono kwa leso aliyojifunga kiunoni.

"Kwani ni mimi niliyekuambia uondoke?"

Nililia mpaka Mariakani, kisha nikafungua nikala. Bakuli liko kabatini kwangu, maua yake mekundu yamefifia kidogo, kitambaa nimekipiga pasi. Nimekata tiketi ya Mombasa ya wiki ijayo, na tangu jana nachambua kunde za kwetu.