Kemunto Aliuliza, Mimi Nikamnyamazisha

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu unayetaka kusomea uuguzi, ilikuwa Jumapili ya mvua hapa kwetu Nyamache. Nilikuwa nimestaafu ualimu miezi michache tu, na nilikuwa sebuleni nikipekua Facebook kwenye simu niliyojinunulia kama zawadi ya kustaafu. Usinicheke. Mtu aliyeshika chaki miaka thelathini akipata simu ya kugusa huwa kama ndama aliyefunguliwa kamba, hajui aanzie wapi kukimbia.

Ndipo nikaliona tangazo. Wasichana sita wamevaa sare nyeupe, wamesimama mbele ya jengo la ghorofa lenye vioo. Chini yake kumeandikwa: chuo cha uuguzi, tawi jipya mjini Kisii, nafasi chache zimebaki, alama ya D plus inatosha, kazi ng'ambo ni hakika. Nikamwita Kemunto.

Kemunto ni binti wa marehemu kaka yangu. Alikuwa darasa la tatu baba yake alipofariki, nikamlea pamoja na wangu. Tangu utotoni hakutaka kuwa kitu kingine ila nesi. Kuku akivunjika mguu, yeye ndiye aliyemfunga kijiti. Wakati huo alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupata C, naye alikuwa akisubiri chuo cha serikali kianze kupokea maombi.

Alilisoma lile tangazo mara mbili, polepole.

"Baba mdogo," akasema, "mwalimu wetu alituambia diploma ya unesi wanataka C. Hawa wanasemaje D plus inatosha?"

"Vyuo vya binafsi vina taratibu zao," nikamjibu.

"Na pesa zinatumwa kwa nambari ya simu ya mtu. Si ya chuo."

Hapo, mwanangu, ndipo nilipoharibu. Badala ya kumsikiliza mtoto aliyeona, nilihisi ameninyang'anya ualimu wangu. "Kati yangu na wewe," nikamuuliza, "nani amesoma barua nyingi za vyuo?" Akainamisha macho. Nikamwongezea na methali, maana methali ni silaha ya mzee aliyeishiwa na hoja: ngoja ngoja huumiza matumbo. Nilijua vizuri kwamba ipo nyingine isemayo mwenda pole hajikwai, lakini hiyo sikuitamka.

Mama yangu mzazi alikuwa mlangoni akiambua maharagwe. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Akaniuliza kwa Ekegusii, bila kuinua kichwa: "Kuna mtu yeyote wa hapa, au wa Birongo, au wa kule Magwagwa alikoolewa dada yako, aliyewahi kudungwa sindano na nesi aliyetoka chuo hicho?"

Nikacheka. Nikamwambia mambo ya mtandao si kama ya soko la ndizi.

"Sokoni," akasema, "ndizi angalau unaibonyeza kabla ya kulipa."

Sikumsikia. Niliuza mtamba wetu, nikatuma ada, na Sabato iliyofuata nikasimama kanisani kutangaza kwamba binti yetu anakwenda kusomea uuguzi. Waumini wakamwombea.

Siku ya kuripoti nilimsindikiza mimi mwenyewe, nimembebea godoro lake la kulalia. Chuo kilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Wala hapakuwa na vioo kama vile vya kwenye picha. Mkurugenzi, kijana mwenye suti iliyomkaa vizuri, akasema jengo jipya liko mbioni kukamilika. Mwanangu, nililiona jambo lile. Macho yaliliona na moyo ukalifunika, kwa sababu kanisa lote lilikuwa limekwisha kuomba. Ningerudi nyumbani na godoro niwaambie nini? Aibu ya siku moja niliikimbia, nikajipatia ya miaka.

Kemunto alisoma kwa mwaka mmoja na nusu. Alisoma kwa bidii, kama mtu anayetaka kuzima shaka yake mwenyewe. Alikuja likizo na sare yake, majirani wakaanza kumwita sista. Kisha chuo kikampa barua aende kufanya mazoezi katika hospitali moja huko Nyamira. Asubuhi ya siku ya kwanza akanipigia simu: "Baba mdogo, njoo. Wanasema hawawezi kunipokea."

Nilifika kabla ya saa sita. Mkuu wa wauguzi, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alitupa viti.

"Mwalimu," akaniambia, "kila mwanafunzi wa uuguzi huandikishwa kwenye baraza linalosajili wauguzi mara anapoanza masomo, na hupewa nambari. Binti yako hana nambari. Chuo chenyewe nimekitafuta kwenye orodha ya baraza. Hakimo."

"Labda kimesahaulika," nikasema.

"Hakijasahaulika. Hakijawahi kuwamo."

Kemunto hakulia. Aliuliza neno moja tu: "Sista, haya yote niliyosoma hayahesabiki popote?"

Yule mama akamshika mkono. "Pole, mama. Hayahesabiki. Itabidi uanze upya."

Tulipotoka nje nilisubiri anilaumu. Nilitamani anilaumu, nipate walau kujitetea. Akanitazama usoni, akasema, "Baba mdogo, umekula kitu tangu asubuhi?" Hakuna fimbo niliyowahi kuchapwa iliyoniuma kama swali lile.

Kesho yake tulikwenda Kisii. Vyumba vimefungwa kwa kufuli, nambari ya mkurugenzi haipatikani, na wasichana wengine wameketi kwenye ngazi na vitabu vyao mapajani. Tuliandikisha maelezo polisi. Hadi leo hatujaitwa. Ule ukurasa wa Facebook ulitoweka, na baada ya muda nikauona tena kwa jina jingine, wasichana walewale sita, jengo lilelile.

Nilimsihi atume maombi upya. Akasema hana tena nguvu ya kufungua barua ya chuo. Mwenzake aliyesoma naye kidato cha nne, Nyaboke, aliyepata C ileile akasubiri, leo ni muuguzi katika zahanati yetu. Kemunto ana kibanda cha mboga Birongo. Kazi ni kazi, sidharau. Lakini nikimwona anahesabu sukuma wiki kwa mikono ile, moyo hunisuta.

Kisha mama yangu akapatwa na kiharusi. Alilala miezi minane, na Kemunto ndiye aliyemuuguza. Alimgeuza kila baada ya muda ili asipate vidonda, akamwosha, akamlisha uji kijiko kwa kijiko bila kumharakisha. Siku moja Nyaboke alikuja kumwangalia mgonjwa, akiwa na muuguzi mgeni kutoka wilaya nyingine. Yule mgeni akamkagua mama mgongoni, asione hata kidonda kimoja. Akashangaa. "Huyu binti alisomea wapi?" akauliza. Nilitoka nje nikasimama kwenye shamba letu la chai hadi wakaondoka.

Baada ya kumzika mama nilimwita Kemunto, nikamwambia yale niliyopaswa kuyasema zamani. "Uliona, nami nikakuziba mdomo. Nisamehe."

"Nilikusamehe siku ileile hospitalini," akasema. "Kinachoniuma ni kwamba hata mimi nilijinyamazia. Nilijua, nikanyamaza nikidhani ndiyo heshima."

Basi, mwanangu, sikia. Heshima si kunyamaza. Mkubwa akikusukuma kwenye jambo usiloliamini, mwambie kwa upole, kisha umwambie tena. Ukiona chuo cha uuguzi mtandaoni, usilipe kitu kabla hujatafuta jina lake kwenye orodha ya baraza la wauguzi, na kama huwezi kuisoma, nenda hospitali iliyo karibu umuulize muuguzi yeyote, hatakufukuza. Chuo kinachokubali alama ndogo kuliko inayotakiwa hakikuonei huruma, kinakuwinda. Anayekuhimiza ulipe leo kabla nafasi hazijaisha, tena kwa simu yake mwenyewe, anaogopa utaamka. Nenda ukaone madarasa kwa macho yako, uwaulize wanafunzi wanafanyia mazoezi wapi. Na ukifika ukakuta uongo, geuka siku hiyohiyo na godoro lako kichwani. Watu watacheka wiki moja, watasahau. Majuto ni mjukuu, nami huyu wangu nimemlea hadi amekuwa mkubwa.

Mungu akupe macho ya kuona na ulimi usioogopa kuuliza. Akupe subira ya kungoja kilicho chako. Na siku utakapoivaa ile sare nyeupe, iwe ya kweli, na kila mgonjwa utakayemgusa ainuke akikutaja kwa wema. Amina.