Sanamu Niliyoigusa Tabora

Jamani, hili nalisimulia kwa sababu mke wangu ameshalisimulia kwenye harusi mbili na kipaimara kimoja, na kama ni aibu basi bora itoke kinywani mwangu mwenyewe kuliko niisikie imeongezwa chumvi.

Wakati huo nilikuwa mchumba tu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Ulyankulu, na baba mkwe wangu mtarajiwa, Mzee Gervas, ni fundi wa kuchonga viti, mtu wa maneno machache ambaye hadi siku hiyo hakuwa amesema ndiyo wala hapana kuhusu mimi na binti yake Yosefina. Nilimsindikiza Tabora mjini kupimwa macho, wakamtia dawa ya matone, saa nne tukawa tumemaliza na gari la kurudi ni saa tisa, nikaona hapa ndipo pa kumwonyesha kwamba binti yake anaolewa na mtu anayeijua dunia.

"Baba, twende makumbusho."

"Macho yangu yana ukungu, mwalimu."

"Nitakuelezea kila kitu, usijali."

Akasema basi twende yale ya nje ya mji, ile nyumba ya udongo walikopumzika watu wa misafara. Ningemsikiliza! Lakini mwalimu mwenzangu alishaniambia kuna nyumba ya sanaa nyuma ya soko, ina shaba na vinyago, utaijua kwa mlango wa kuchongwa, nami nikachagua hiyo, na kuuliza njia nikakataa (mtu anayeijua dunia haulizi njia).

Sasa ninyi wa Tabora mnajua mitaa ile ya zamani ina milango ya kuchongwa mingapi. Mimi sikujua. Nikaona wa kwanza uko wazi, nikaingia na viatu vyangu, bila hodi, maana makumbusho hayapigiwi hodi, mzee nyuma yangu akiuliza, "Una hakika?" nami namjibu, "Pita tu Baba, hii ni mali ya umma."

Na kweli, sebuleni kulikuwa na masinia ya shaba ukutani, kasha lenye misumari ya shaba na saa ya mbao ndefu kuliko mimi. Mezani, daftari kubwa limefunguliwa, kalamu juu yake. Daftari la wageni! Nikaandika jina langu, jina la shule, na chini yake maoni: "Nimefurahi sana. Kazi nzuri, endeleeni na moyo huo huo."

Nikafunua pazia la chumba cha ndani. Kulikuwa na giza la mtu aliyetoka juani, na pembeni, kwenye kiti, sanamu ya mwanamke aliyefunikwa nguo nyeupe kichwani mpaka miguuni, mkono mmoja tu umetokeza umeshika tasbihi.

"Baba, hapa kuna kazi ya fundi hasa! Mpaka mishipa ya mkono kaichonga!"

Nikanyoosha kidole nikaugusa.

Ulikuwa na joto.

Sijui nani alianza kupiga kelele, mimi au sanamu. Ninachokumbuka ni wanawake wakitoka uani, mmoja na mwiko unaochuruzika uji, wakilia, "Mwanamume! Mwanamume kaingia kwa mwenye eda!" Mimi ni Mkatoliki, lakini hata mimi najua eda: mjane anakaa ndani miezi minne na siku kumi, na mwanamume asiye wa familia haruhusiwi kumtazama, sembuse kumpapasa akimsifia mishipa.

Akaja shemeji wa mjane, Mzee Hamisi, kutoka dukani kwake jirani. Hakunigusa. Alikwenda mezani, akavaa miwani, akasoma kwa sauti mbele ya watu wote waliojaa mlangoni.

"'Nimefurahi sana.' Umefurahi nini, mwalimu? Kaka yangu kufa?"

Lilikuwa daftari la rambirambi.

"'Kazi nzuri.' Kazi ya nani? Ya Izraili? 'Endeleeni.' Tuendelee kufa?"

Nilijua kwamba nimepoteza heshima, nimepoteza na mke. Ndipo Mzee Gervas alipopapasa ukuta mpaka mbele yangu, akavua kofia, akapiga magoti, mtu mzima yule, kwenye sakafu ya watu.

"Ndugu yangu, poleni na msiba. Huyu ni mwanangu. Macho yangu hayaoni vizuri leo, alitaka niione dunia kwa macho yake. Kosa lake ni langu."

Mwanangu! Machozi yalinitoka palepale.

Mzee Hamisi akamwinua kwa mikono miwili. Kisha bibi mmoja akatoka nyuma ya pazia, kajiziba mdomo kwa kanga, mabega yanamtikisika.

"Mwenye eda anasema kasamehe. Tangu msiba kila anayeingia humu analia tu, leo kacheka mpaka mbavu zinamuuma, Mungu amsamehe. Lakini anasema, kama huyu ndiye mwalimu, wale watoto wahamishwe shule."

Yosefina nilimwoa. Watoto wetu wakitaka kwenda makumbusho, mama yao huwapeleka, na mimi huwasubiri nje kwenye benchi, mikono nimeikalia.