Ukuta wa Nyuzi

Watu wenye miguu ya shida hawapati viatu madukani. Mwenye mguu mmoja mfupi, mwenye kidole kilichopanda juu ya mwenzake, mwenye kisigino kilichowahi kuvunjika, wote walikwenda kwa Fundi, mzee wa viatu ambaye kwa miaka thelathini na minane hakuwahi kuandika kipimo hata kimoja. Kila mteja alikuwa na uzi wake. Fundo la kwanza lilikuwa urefu wa wayo, la pili upana, la tatu unene wa kifundo cha mguu. Fundo dogo la mwisho lilikuwa pale panapouma, na hilo Fundi alilitafuta kwa dole gumba lake, kwa sababu wateja wenyewe huonyesha pengine. Kisha uzi ulitundikwa kwenye msumari ukutani, bila jina. Majina alikuwa nayo kichwani.

Ubaya ni kwamba kichwa chenyewe kilikuwa kimeanza kumtupa mkono. Siku moja alipotea njia ya kwenda dukani kwake, na duka lilikuwa nyumba ya nne kutoka kwake. Daktari hakumung'unya maneno. Alimwambia Kifunguamimba, binti mkubwa wa Fundi, kwamba maradhi haya hayarudi nyuma, na kama kuna jambo la kumuuliza mzee, amuulize sasa.

Kifunguamimba alikuwa akishona na babake tangu alipomaliza shule. Mkono wake ulikuwa mwepesi, lakini mbele ya ukuta ule alikuwa sawa na mimi na wewe: aliona nyuzi tu. Akapiga moyo konde, akamtafuta dada mmoja mtaalamu wa kompyuta awatengenezee programu yao ya simu, ili ukifungua jina la mteja uvione vipimo vyake.

Mtaalamu alikuja na daftari, kompyuta kaiacha nyumbani.

"Kwanza tupange," alisema. "Nataka nijue kazi inaanzaje, inaishaje, na nani anajua nini."

"Hiyo programu yako itajua kushona?" Fundi aliuliza.

"Haitajua, mzee."

"Basi na ije. Haitaninyang'anya kiti."

Walicheka wote watatu. Nakitaja kicheko hicho kwa sababu ndicho cha mwisho utakachokisikia humu.

Kabla ya kuondoka, mtaalamu aliacha kazi moja. "Jumanne nitakaa na mzee tuandike wateja. Vipimo vyote viwe vimekusanywa mahali pamoja."

Kifunguamimba, mtu wa kupenda mambo yanyooke, alivikusanya. Jumatatu, mzee akiwa kliniki na shangazi mtu, alipanda juu ya kiti akaziangua nyuzi zote, mia na arobaini na mbili. Alizikung'uta vumbi, akazipanga kuanzia fupi hadi ndefu, akazifunga vitita vya kumi kumi, kila uzi na kikaratasi chake chenye namba. Akasimama mikono kiunoni, akajipongeza. Nani angemzuia? Fundi hakuwahi kumweleza mtu jinsi anavyousoma ukuta wake, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Jumanne mtaalamu akashika kalamu. "Tuanze na namba moja. Huu wa nani, mzee?"

Fundi aliupokea, akaugeuzageuza, kisha akainua macho ukutani kutazama ulikotoka. Misumari ilikuwa mitupu. Akainuka, akaweka kidole kwenye msumari wa kwanza, kando ya mlango.

"Hapa mwalimu wa hesabu," alisema. "Jirani yake, mpiga rangi. Ukivuka barabara, muuza mkaa na mkwe wake. Hawa hawasemezani, ndiyo maana nimewaachia nafasi."

Alikuwa akitembea mtaani. Kila msumari nyumba yake, kila safu barabara yake. Maradhi yalikuwa yamemnyima njia ya kwenda kazini, lakini hii yalikuwa hayajaifikia, akawataja wote bila kukwama. Majina yakajaa daftarini, nyuzi zimejaa mezani, na hapakuwa na wa kusema lipi la upi.

"Tutawapima upya," mtaalamu alinong'ona.

"Tutawapima," Kifunguamimba alijibu, masikio yakimwaka kwa aibu. Alikuwa akilitazama dole gumba la babake, akijiuliza limebakiwa na miezi mingapi.

Fundi akafika msumari wa mwisho, chini kabisa, karibu na kiti chake.

"Hapa mama yenu," alisema. "Nipe."

Mama yao alikuwa kaburini mwaka wa sita. Huyo hakuwa wa kupimwa upya. Mzee alinyoosha mkono, kiganja wazi, akasubiri.

Kifunguamimba alipekua vitita vya nyuzi fupi. Zaidi ya ishirini zingeweza kuwa mguu wa mama. Alitaka kusema kweli, asiseme. Akachomoa mmoja, akabandua kikaratasi, akauweka kiganjani mwa babake.

Mzee aliyapapasa mafundo moja moja, taratibu. Kisha akautundika.

"Alikuwa na miguu midogo," alisema, akaketi.

Kifunguamimba aliugeukia mlango ili asionekane analia. Mtaalamu, aliyekuwa ameinamia daftari lake muda wote, aliuliza, "Na mama, niandike namba ngapi?"

"Hapo paache wazi," Kifunguamimba alijibu bila kugeuka.