Kapaipu ka MC Simba

Huku mtaani Rhonda harusi bila mimi ni mkutano wa chama tu. Shule niliachia darasa la sita, lakini nikishika maiki hata wenye digrii wanakaa vile nimewaambia. Nyumbani mimi ni Makhanu, kwa maiki ni MC Simba.

Sasa mwaka jana Simba akashindwa kukojoa. Tezi ya wanaume ilikuwa imefura, ikafunga njia. Hospitali wakaniwekea paipu, na mfuko wa mkojo ukafungwa kwa paja, ndani ya suti. Nikaambia watu waruke, wanaruka. Mimi napiga makofi. Siku moja huko Dundori mfuko ukachomoka tukikata keki. Haraka nikajimwagia soda kwa suruali, nikasingizia mtu wa kugawa vinywaji. Watu walicheka wakadhani ni mchezo. Nasimiyu, bibi yangu, hakucheka.

"Baba Shantel, enda utolewe hiyo kitu. Ama uwache maiki."

Ni heri aniambie niwache ugali. Nikaenda.

Nikapata Daktari Sitati, anafanya utafiti. Akanieleza pole pole. Kuna njia ya kawaida, ya upasuaji. Na kuna hii mpya: kapaipu kembamba kama tambi kanaingia kwa mshipa wa mkono, kanafuatwa na picha za eksrei mpaka huko chini, kanaziba damu inayolisha tezi, tezi inakonda. Wanataka kujua gani inasaidia zaidi.

"Nani anachagua nipate gani?"

"Kompyuta. Hata mimi sijui utaangukia wapi."

Nikacheka na roho. Yeye Sitati, mimi Makhanu, Wabukusu wote wawili, halafu ananiletea mambo ya kompyuta? Huku kwetu ukipata mtu wa nyumbani, mlango gani haufunguki? Siku ya kuandikishwa nikaja na jogoo kwa kikapu. Nikamsalimia Kibukusu, nikauliza ukoo wa mama yake, na kabla akae tayari nilikuwa nimemfanya mjomba.

"Sasa mjomba, hiyo ya kisu wape wengine. Mimi nipatie kapaipu."

Sista Cherono, nesi wa kuandikisha, hakuinua hata kichwa. "Mzee, hiyo kompyuta haili kuku."

Jogoo akawika. Foleni yote ikageuka.

"Mjomba," Sitati akasema, "nikianza kuchagulia watu, hii utafiti haina maana tena. Rudisha jogoo nyumbani."

Kompyuta ikanipea kapaipu. Unafikiri nilinyamaza? Nilitangazia Rhonda yote kwamba ni jogoo amefanya kazi, na huyo jogoo tulikuwa tumemla na Nasimiyu.

Siku yenyewe nilikuwa macho. Nikaona mishipa yangu kwa skrini kama mizizi ya mti, nikashindwa kujizuia. "Wageni waheshimiwa, sasa tunaingia kona ya kwanza."

"Mjomba, nyamaza, unatingisha mkono," Sitati akasema.

Baada ya muda nikarudi kujaribiwa. Wakatoa ile paipu ya mkojo, wakanipea maji ya kunywa na jagi ya kukojolea. Maji iliingia vizuri sana. Kutoka, hakuna. Paipu ikarudishwa, mfuko ukarudi kwa paja. Sitati akasema tezi haikondi siku moja, nivumilie. Kuambia Rhonda ndio ilikuwa kazi.

"Simba, jogoo amegoma?" Masinde wa kinyozi aliniuliza mbele ya wateja. Harusi ya Kipruto huko Kuresoi niliambia watafute MC mwingine.

Mara ya pili paipu ikatolewa tena, nikakunywa maji yote. Cherono akaniangalia.

"Leo hakuna hotuba?"

"Hakuna, sista."

Nikaingia choo na jagi. Nikangoja. Nikafikiria maiki ikishikwa na mtu mwingine maisha yangu yote. Halafu nikasikia tone. Tone ingine. Halafu kamstari, si ka kijana, lakini kalikuwa kangu.

Cherono akapima jagi, akapitisha mashine kwa tumbo kuangalia kama kuna mkojo imebaki. "Inatosha. Leo unaenda bila paipu."

Nasimiyu alikuwa kwa benchi. Nikapiga paja makofi mbele yake aone hakuna kitu. Akaniangalia juu mpaka chini, macho yamejaa machozi.

"Baba Shantel," akasema, "funga zipu basi."